Kapu Moja la Kang'ata Nzima

Masuguru, Korogwe
7 Machi 2004

Shangazi Mwanaisha,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Kile kifua kilichonisumbua tangu mwaka mpya kimeondoka chenyewe, hivyo ile dawa yako inayonuka usiitume tena. Konda amelalamika kwamba abiria wa viti vya mbele walishuka njiani wakidhani gari linaungua. Baba anakusalimu. Dada amejifungua mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Mama anauliza kama mvua imewafikia.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Ile kazi ya kuchapa barua za watu pale kwenye intaneti kafe nimeiacha. Nimeiacha mwenyewe, sikuachishwa, hata kama Mama atakuambia vingine. Sasa najenga duka. Duka langu halina mlango wala rafu, liko mtandaoni. Mtu aliye Dar es Salaam au Moshi anakaa mbele ya kompyuta, anaona picha ya asali ya Handeni, vyungu, fagio, rungu, shanga za yule jirani yako Nemayian. Akikipenda kitu anakibonyeza, kinaingia kwenye kapu. Akimaliza anabonyeza Nunua, mimi nakuletea karatasi kwa konda, wewe unafungasha na kupakia kwenye basi. Siku hizi ni soko huria, Shangazi, kila mtu anauza. Tofauti ni kwamba mimi nitauza nikiwa nimekaa.

Kinachonitoa jasho ni hilo kapu. Chuoni tulifundishwa kwamba fundi wa programu habuni kila kitu upya. Kuna ruwaza, yaani namna za kujenga ambazo mafundi waliotangulia wamekwisha kuzijaribu. Ni kama zile karatasi zako za kukatia magauni: unaweka juu ya kitambaa, unafuata ukingo, gauni linatoka. Sasa ruwaza ni nyingi, na sijui kapu langu nilikate kwa ipi. Mwalimu wetu alisema ukikwama, tazama watu wa kweli wanavyofanya. Naomba unieleze akina mama wa Kang'ata wakienda mnadani wanatumiaje kapu. Eleza yote.

Wasalimie majirani, hasa wa upande wa kisimani.

Mwanao,
Sabiri


Kang'ata, Handeni
28 Machi 2004

Mwanangu Sabiri,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu konda aliiweka kwenye kiti chake akaikalia wiki mbili. Imefika ikiwa na umbo lake. Mvua imenyesha upande mmoja wa shamba tu, upande wa mahindi ya mume wangu, na sasa anatembea kama aliyeileta yeye. Hongera kwa dada yako. Mtoto mwenye sauti hiyo asiolewe mbali, atatufaa huku ambako mnara wa simu haujafika.

Upande wa kisimani kuna nyumba moja, ya Mzee Mbaruku. Mzee nimemsalimia. Mkewe nimemsalimia. Ng'ombe wao nimewasalimia. Kama kuna mtu nimemsahau, mtaje kwa jina.

Sasa kapu. Kapu ni moja. Siku ya mnada hatuendi wote, nani ana muda huo? Anakwenda mmoja, mara nyingi mimi, na kapu langu kubwa la ukindu. Nikipita njiani kila mlango unatoa sauti: nichukulie chumvi, nichukulie dagaa, nichukulie kiberiti. Mwingine anatumbukiza humo kuku wake nikamuuzie. Vyote vinakaa pamoja. Nikirudi ndiyo nagawa, hiki cha fulani, hiki cha fulani, na anayesema chake si hicho nampa hichohicho. Mwanamke anayekwenda mnadani na kapu lake peke yake, kwa nyumba yake peke yake, hapa kwetu tuna jina la kumwita ambalo siwezi kuliandika.

Unakuja lini?

Shangazi yako,
Mwanaisha


Masuguru, Korogwe
18 Aprili 2004

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Mtoto amepewa jina lako, kwa hiyo sasa tuna Mwanaisha wawili na masikio yetu ni yaleyale. Baba ameanza kuvaa miwani, anasoma gazeti kwa sauti hata sehemu ya matangazo ya vifo.

Shangazi, umenitoa gizani! Hilo kapu lenu lina jina chuoni. Ni ruwaza ya Pekee. Unajenga kitu kimoja tu, na kila anayekihitaji anapewa hichohicho, hakuna cha pili. Nilikuwa naiogopa, maana vitabu vinasema itumike kwa tahadhari, lakini kama Kang'ata nzima inaishi hivyo miaka yote, vitabu ni nani? Nimelijenga kapu kwa siku tatu. Limetulia kabisa.

Nimeongeza ruwaza nyingine pia. Kuna Mtazamaji: kitu kikiingia kwenye kapu, papo hapo anaambiwa mpiga hesabu, anaambiwa mtunza ghala, bila mtu kuuliza. Kuna Amri: kila tendo limefungwa peke yake, ukijuta unalitendua kama halikutokea. Na kuna Mbinu: programu inachagua yenyewe mzigo uende kwa basi, kwa baiskeli au kwa punda.

Mtu uliyemsahau anaitwa Tatu, na unamjua, na unajua kwamba unamjua. Ni mwalimu wa chekechea, ni binti wa Mzee Mbaruku, na tangu Idi ile aliyonicheka viatu sijapata usingizi wa maana. Nataka kumwoa, Shangazi. Nimemwambia Baba. Baba amesema posa ni kazi yako kwa sababu katika ukoo wetu wewe ndiye mwenye mdomo. Nimekuandikia yote haya mwishoni ili ukifika hapa uwe umeshafurahi kuhusu kapu.

Wako,
Sabiri


Kang'ata, Handeni
9 Mei 2004

Sabiri,

Marahaba. Mwambie baba yako mdomo ninao na nitautumia kwake tukionana. Mjukuu nimemshonea gauni, lipo ndani ya bahasha hii, konda akilikalia litanyooka.

Huyo Mtazamaji wako hapa tunaye, ni mama Justa wa duka la mafuta ya taa. Kitu hakijaingia kwenye kapu langu yeye ameshakitangaza. Huyo Amri wa kutendua yaliyokwisha kutendwa, akipatikana, mlete haraka, kuna watu wengi wanamhitaji.

Nilikwenda kwa Mzee Mbaruku kupiga hodi ya maneno. Alinipokea vizuri. Akauliza kijana anafanya kazi gani. Nikamwambia ana duka. Akauliza duka liko wapi. Nikamwambia halionekani. Mzee akamtazama mkewe, mkewe akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Nisikufiche, kuna mwingine. Anaitwa Abdi, muuza mbao. Duka lake linaonekana mpaka barabarani. Mzee amesema atatoa jibu kabla ya Ramadhani, na Tatu mwenyewe, nilipompita kisimani, alinong'ona, "Mwambie afanye haraka, mimi huyo wa mbao simtaki, ananuka gundi." Njoo mwenyewe umweleze Mzee hilo duka. Mimi nikilieleza naonekana nimechanganyikiwa.

Unakuja lini? Hii ni mara ya pili nauliza.

Shangazi yako


Masuguru, Korogwe
2 Juni 2004

Shangazi,

Shikamoo. Gauni limefika limenyooka. Mtoto mzima, Mama mzima, Baba amefikia ukurasa wa michezo.

Nimepata njia nzuri kuliko kuja. Kama Mzee haamini duka, basi duka lenyewe limpelekee posa! Leo nimefungua rasmi, na mteja wa kwanza ni mimi. Nimeagiza kwa jina la Mzee Mbaruku: kanga doti mbili, asali, udi. Karatasi ya oda ndiyo hiyo ninayokuletea. Pamoja nayo ni barua ya posa, nimeiandika mara nane, iweke kwenye kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Humo nimeeleza kila kitu, kazi yangu, nia yangu, na kwa nini vitu vimekuja kwa njia hiyo.

Nakuomba jambo moja kwa heshima zote. Fuata karatasi kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze, usitumie akili yako. Nisamehe, namaanisha kompyuta haikosei, anayekosea ni mtu.

Kulikuwa na vituko kidogo. Nilipofungua kapu nilikuta mabaki ya majaribio, nikayafuta. Yakarudi. Nikayafuta tena, yakarudi, na mara hii kanga zangu zikatoweka! Nikazirudisha. Rungu zikaingia. Nikazitoa. Zikaingia. Tumevutana hivyo na sijui nani kwa saa nzima, mpaka mwenye kafe akaniuliza kama aniitie mtu wa kunisomea kisomo au anisomee yeye. Umeme ulipoanza kusinzia nikarudisha kanga kwa nguvu na kubonyeza Nunua kabla hilo jini halijaniwahi. Karatasi imechapwa kwa wino hafifu na konda alikuwa anapiga honi, sijaisoma, lakini macho yako ni ya fundi cherehani.

Sabiri


Kang'ata, Handeni
20 Juni 2004

Sabiri,

Marahaba. Hatujambo. Mahindi yanaendelea.

Vitu vimefika. Wamevipokea. Wameshukuru kwa namna yao.

Mama Justa anakusalimu sana. Watu wote wanakusalimu sana.

Shangazi


Masuguru, Korogwe
4 Julai 2004

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya mistari mitatu imenitia homa. Wewe hujawahi kuandika mistari mitatu maishani mwako. Orodha yako ya sokoni ni ndefu kuliko hiyo.

Na sasa najua kwa nini. Jana amenipigia simu mtu wa Dar anaitwa Mikaeli, anapamba hoteli. Amefoka mpaka simu ikapata joto. Anasema siku ile nilipofungua duka alitia kwenye kapu rungu mbili na kengele ya ng'ombe, duka likawa linamtolea vitu vyake na kumtilia kanga. Akitoa kanga zinarudi. Hatimaye kapu likawa tupu na yeye akabaki anatazama kioo. Nimefungua kumbukumbu za duka. Kulikuwa pia na mama mmoja wa Moshi aliyetaka fagio, na Mzee Simeo wa kule Bungu aliyetaka beberu wa kuboresha mbuzi wake.

Shangazi, hapakuwa na jini. Kapu ni moja! Nimelijenga hivyo mwenyewe kwa mikono yangu, nikafurahi, nikakuandikia. Mtu wa Dar, mtu wa Moshi, mtu wa Bungu na mimi, wote tulikuwa tumeshika kapu lilelile, kila mmoja anatupa nje vitu vya mwenzake akidhani ni takataka. Aliyewahi kubonyeza Nunua ndiye aliyebeba vyote. Niliiga kapu lenu nikasahau kwamba wewe ukirudi mnadani unagawa. Kompyuta haimjui mama Justa ni nani. Ile Pekee ingefaa kwa ghala, maana ghala ni moja. Kapu kila mteja angepewa la kwake, nami nimelirekebisha hivyo leo hii. Mtu akija anakabidhiwa kapu jipya, akiondoka anaondoka nalo.

Lakini hilo halinisaidii. Naomba unijibu bila kunihurumia: kwenye karatasi ile kulikuwa na nini, na ulipeleka nini kwa Mzee Mbaruku?

Umeniuliza mara mbili nakuja lini na mara mbili nimepiga kona. Ukweli ni kwamba naogopa. Mzee ananitazama kama anayekagua ng'ombe mnadani, na mimi mbele yake nasahau hata jina la baba yangu. Mbele ya kompyuta sijawahi kutetemeka. Nampenda Tatu, na nimejenga duka zima ili nisilazimike kukaa kwenye kile kiti chao cha wageni.

Sabiri


Kang'ata, Handeni
18 Julai 2004

Sabiri,

Marahaba. Habari za nyumbani leo hazina nafasi.

Nilisoma karatasi yako, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena. Kanga doti mbili. Asali. Udi. Moyo ukatulia. Halafu rungu mbili. Kengele ya ng'ombe. Fagio tatu. Beberu mmoja, mwenye nguvu. Mume wangu akasema tumuulize kwanza Sabiri. Nikamwambia Sabiri ameandika nisitumie akili yangu. Nilidhani labda ndiyo posa za wasomi. Nilipokwenda kuchukua rungu kwa Nemayian alinitazama akasema, "Mama, mnakwenda kuoa au kuteka ng'ombe?" Nikamjibu kompyuta imesema.

Tukaingia kwa Mzee Mbaruku na msafara. Mimi mbele na sinia, barua yako juu yake kwenye kitambaa cheupe. Unajua salamu zetu zilivyo. Tulikuwa bado tunaulizana habari za mashamba beberu alipoifikia barua. Tulipomnyang'anya ilikuwa imebaki "Wako mtiifu" na jina lako. Maelezo yote ya kazi yako na nia yako yako tumboni mwa mbuzi. Kwa hiyo vitu vikabidi vijieleze vyenyewe.

Mzee akaita ndugu zake watatu wakae wavisome, maana kwenye posa hakuna kitu kinacholetwa bure. Walikaa mchana kutwa. Fagio zikawa za kwanza. Mama yake Tatu akasimama, akasema, "Kwangu kuchafu?" na hakukaa tena. Kengele, mdogo wake Mzee akasema maana yake binti anazurura, afungwe kengele ajulikane alipo. Rungu ziliwagawa. Mmoja akasema rungu moja ni ya kumpiga mke, ya pili ya kumpiga baba mkwe akija kuamua ugomvi. Mwingine akasema hapana, kijana anajitolea kulinda boma. Mzee Mbaruku alichukua moja akaipima uzito mkononi huku ananiangalia mimi. Beberu hakuna aliyethubutu kumfasiri mbele ya wanawake.

Abdi alikuwa ameleta mbao. Mbao hazikuhitaji kufasiriwa.

Ndiyo maana nilikuandikia mistari mitatu. Nilikuwa nimejifungia ndani kwa aibu, na mama Justa alikuwa amekaa nje ya mlango akingoja nitoke. Minada miwili nimekosa. Nilikukasirikia, Sabiri, sikukasirika kidogo.

Ilipofika barua yako ya Julai niliichukua nikaenda nayo moja kwa moja upande wa kisimani, nikawasomea yote, pamoja na pale unaposema unaogopa. Usinune, uliniambia nisipunguze. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Yaani alichukua kapu letu la mnadani akalipeleka mpaka Dar?" Nikasema ndiyo. "Na kugawa akasahau?" Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Ndugu zake wakacheka. Mama yake Tatu alikataa kucheka kwa sababu ya fagio, lakini mabega yalikuwa yanamtoroka.

Kisha Mzee akaokota kofia yake akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema: "Kanga nimezipokea. Asali nimeipokea. Rungu nimezipokea, na mbuzi nimempokea. Kijana ndiye sijampokea. Mila zinamkataza kuja kula kwangu, hazimkatazi kuja kunitazama usoni. Jumapili ijayo niko hapa mpaka jua lizame. Asipotokea, nitamjibu Abdi."

Sina la kuongeza. Tatu ameomba kalamu.

Shangazi

Beberu hatoki, mwambie huyo mzee wa Bungu atafutiwe mwingine. Kompyuta iache huko. T.


Stendi ya Korogwe
25 Julai 2004, Jumapili

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitakupa kwa mdomo. Barua yako imenifikia asubuhi hii nikiwa bado na mswaki mdomoni.

Gari linajaza abiria, naandika nikiwa nimesimama. Nimevaa suruali ya Baba kwa sababu yangu iko kwenye maji. Sikubeba kanga, sikubeba asali, sikubeba chochote cha kunisemea. Njia nzima nitakuwa najifunza jina la baba yangu.

Duka nimeliacha wazi, watu wajichagulie, kila mmoja na kapu lake. Wakikwama watakwama. Mimi leo nina oda moja tu ya kupeleka, na nimegundua hakuna konda wa kumpa.

Naogopa, Shangazi, hata hapa stendi. Lakini naogopa nikielekea Handeni.

Barua hii naileta mwenyewe. Ukiwa unaisoma nitakuwa nimesimama mlangoni pako, kwa hiyo nakuomba usingoje kuimaliza ndipo unikaribishe. Nishike mkono twende kwa Mzee, jua linazama.

Mwanao,
Sabiri